Usiiguse Kona ya Kushoto

4 Februari

Kwako Dada,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na kama kichwa bado kinakusumbua basi kimepungua. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la shemeji yako, ambalo ni habari ya kila siku.

Nimekupigia simu mara tisa tangu tutoke kwenye msiba wa Mama. Mara ya tisa nikaambiwa namba haipatikani. Najua haipatikani kwangu tu, maana binti yangu akipiga unapokea na kumuuliza kama amekula. Sawa. Nimenunua bahasha, nimekaa chini kama mtu wa zamani, nakuandikia.

Nina swali moja, halafu nitakuacha upumue. Nataka kutengeneza foronya za mito ya viti vya saluni yangu kwa vile vitambaa vya Mama. Mwanzo naukumbuka: unga wa ngano na maji kwa kipimo kimoja, shabu, ile ya kusafishia maji, vijiko viwili vya chai, unakoroga mpaka uwe mzito kama mtindi, unatia kwenye chupa yenye mdomo mwembamba na kuchora. Ukikauka unakikunjakunja kitambaa upate nyufa, unapaka rangi ya maganda ya vitunguu. Kinachonishinda ni mwisho. Rangi ikishakauka, ule unga unautoaje? Mama alikuwa akifika hapo anatufukuza uani, eti tunamrushia maji.

Nijibu hilo tu. Mengine kaa nayo.

Mdogo wako

*

15 Februari

Kwako Mdogo wangu,

Barua imefika. Mimi mzima, kwa kuwa umeuliza. Mpe pole mwenye goti.

Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposema samahani. Sikupaona, labda miwani yangu imechafuka. Siku ya tatu ya msiba ulisimama sebuleni, umefunga kitambaa kichwani vizuri kabisa, ukawaambia watu: "Mikono ya Mama imekwenda, na kazi hii imekwenda nayo. Nyumba hii hakuna tena wa kuishika." Watu wakalia. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria zenu, mikono imejaa masizi mpaka kwenye viwiko, nikasikia kila neno. Nimeishi na Mama miaka kumi na tisa. Wewe ulikuwa unakuja na begi dogo na kuondoka na begi kubwa.

Na sasa unataka kujua kazi uliyokuwa ukiiita kuchezea unga. Haya.

Na hilo begi kubwa limenikumbusha. Kitambaa cha mwisho cha Mama, kile cha kuku na vifaranga, kilikuwa bado na unga wake, kimetundikwa chumba cha nyuma kikisubiri kuoshwa. Tangu siku mlipoondoka sikioni. Nimemuuliza Mama Cherehani, yule jirani fundi wa nguo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka mle kupima nguo. Nimemuuliza mbele za watu. Hanisemeshi tena, na nguo yangu niliyompa apunguze amenirudishia ilivyo. Kama ulimwona mtu akikigusa, sema.

Kuhusu kuosha: chemsha maji yatokote hasa, kata sabuni ya mche utie, zamisha kitambaa chote kwa mara moja, acha kichemke robo saa. Unga utatoka wenyewe. Usiogope moto.

Kidole changu gumba kinauma leo, hiki ulichokibana mlangoni ukakimbia. Baridi ikija huwa kinakukumbuka.

Dada yako

*

2 Machi

Dada,

Sina salamu. Sijui kama u mzima na leo sitaki kujua.

Nilifanya kama ulivyoandika. Niliweka barua yako juu ya kabati na kuisoma mstari kwa mstari. Maji yalipotokota nikazamisha kitambaa chote kwa mara moja. Dakika ya pili nyumba nzima ikanuka uji. Dakika ya tano maji yakawa mazito na mwiko ukakataa kuzunguka. Nilipokitoa kilikuwa kinateleza kama ngozi ya samaki, na kilipokauka kikawa kigumu kama mlango. Nimekisimamisha ukutani, kimesimama. Shemeji yako amekigonga kwa kidole, kikalia.

Nikaenda kwa mama mmoja wa hapa anayefua kwa mkono tangu ujana wake. Alicheka kabla sijamaliza. "Mwanangu, unga mbichi ukiutia maji ya moto unaupika. Umejipikia gundi. Maji ya baridi na kijiko cha kukwangua, basi, hata mtoto anajua." Hata mtoto anajua, Dada, na wewe umeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Usiniambie ulisahau. Ulikaa mezani kwa Mama, ukachukua kalamu, ukaniandikia uongo kwa mwandiko mzuri.

Sasa sikia, kwa sababu nataka ulisikie hili ukiwa umesimama. Hakukuwa na foronya. Kitambaa nilichokichemsha ni kile cha kuku na vifaranga. Nilikichukua mimi. Nilikikunja ndani ya gauni langu asubuhi tuliyoondoka, kwa sababu kila kitu kingine cha Mama umekikalia wewe: nyumba, kitanda, redio, hata miwani. Nilitaka kitu kimoja ambacho mkono wake ulikigusa mwisho. Nilitaka nikioshe mwenyewe nione alichochora.

Umemchemsha Mama, Dada. Mimi nilishika mwiko tu.

Na kidole chako usinidai tena. Nilikuwa na miaka sita.

Niliyekuwa mdogo wako

*

9 Machi

Wewe mwizi,

Kwa hiyo ulikuwa nacho. Ulikaa ukasoma jinsi nilivyomvua nguo Mama Cherehani mbele ya watu wanane, mwanamke aliyemshonea Mama sanda bila kuombwa, ukakunja barua yangu ukaenda kuweka maji jikoni. Macho makavu! Leo nimekwenda kwake kuomba radhi. Alinisikiliza akiwa anaendesha cherehani, hakusimamisha hata kidogo. Nilipomaliza akasema, "Nimekusikia, funga mlango ukitoka."

Ndiyo, nilikudanganya. Nilijua kabisa maji ya moto yangefanya nini. Nilitaka uharibu foronya zako, ukae mbele ya wateja wako wa saluni na mito migumu, uone kama kazi hii ni ya kuchezea. Hilo nalikiri na silijutii kwa foronya. Ningejua ni kitambaa kile ningekimbia kwa miguu kuja kuzima jiko lako.

Lakini umenitukana na marehemu ukamtia ndani, basi nitakuambia jambo nililokatazwa kusema. Mama hakuchora kitu kwa miaka minane. Mikono ilianza kumtetemeka, akiminya chupa unga unamwagika mahali pamoja. Mimi ndiye niliyechora. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akisema "punguza hapo" na "mbona huyo kuku amenenepa," na mwisho nilimshika mkono akabonyeza kidole gumba kwenye tone la unga pembeni, ile alama yake ambayo wateja walikuwa wakiitafuta kabla ya kununua. Alisema watu wakijua hawatataka. Akaniapisha nisimwambie yeyote, na wewe hasa, kwa sababu wewe ulikuwa ukimsifia sana, na alipenda.

Huamini? Toa kile kitambaa ulichoolewa nacho miaka saba iliyopita, unachokitundika ukutani na kukionyesha wageni. Mama alichora mkia wa kuku kwa mstari mmoja, siku zote. Mimi nachora mitatu, mkono wangu ndivyo unavyokwenda. Hesabu.

Halafu niambie mikono ya nani imekwenda.

Dada yako, kwa bahati mbaya

*

30 Machi

Dada,

Nimehesabu. Ni mitatu. Nimesimama juu ya kiti nikahesabu kuku wote kumi na wanne.

Usifurahi. Mtu anaweza kubadili mkia. Na kama ni kweli, basi umeninyamazia miaka minane nikiwa nakuja hapo, namshika Mama mikono, naibusu, nasema mikono hii ina baraka, na wewe umekaa pembeni unakata vitunguu na kuniangalia kama mpumbavu. Mlikuwa mkinicheka nikiondoka? Ningekuwa wewe ningecheka.

Kitambaa kiko nyuma ya kabati. Jana shemeji yako ameuliza kama anaweza kukitumia kuzibia dirisha la bafu. Nimemwambia nitafikiri. Kama ni chako si cha Mama, sioni kwa nini bafu likae wazi.

Sijui nisaini vipi

*

12 Aprili

Kwako wewe,

Mwambie shemeji atafute ubao. Akikigongomea hata msumari mmoja, mimi na wewe tumemalizana hapa na mbele ya haki.

Hatukuwa tukikucheka. Ukiondoka Mama alikuwa akilala mapema, na mimi nilikuwa nikiosha vikombe. Hiyo ndiyo raha tuliyokuwa nayo.

Kitambaa kinaweza kupona. Mwaka wa kwanza nilipoanza kazi nilifanya kosa hilohilo, nilikuwa na haraka nikamwagia maji ya chai. Mama hakunipiga. Alinionyesha hivi: chukua ulezi, loweka, ufunike mpaka utoe mimea, uanike, uusage. Hicho ndicho kimea. Pasha maji yawe vuguvugu, uweke kiwiko na kisiungue. Yakizidi moto kimea kinakufa, halafu huna kitu. Koroga kimea humo, laza kitambaa, kiache kutwa. Kimea kinaula ule unga uliopikwa, polepole, mpaka unalegea na kutoka kwa maji ya baridi. Itabidi urudie mara tatu au nne. Rangi itapungua kidogo kwa ulivyokichemsha, lakini itakuwepo.

Jambo moja. Kona ya chini kushoto usiiguse. Ikunje, uifunge kwa mfuko wa plastiki na uzi, maji yasifike. Usiniulize kwa nini.

Siyafanyi haya kwa ajili yako.

Dada yako

*

3 Mei

Wewe,

Umenyamaza wiki tatu. Umekifanya? Kimetoka? Ule ulezi utoe mimea myeupe, usikaukie njiani. Na ile kona uliiacha?

Andika hata mstari mmoja. Tukana, lakini andika.

Dada yako

*

20 Juni

Kwako Dada,

Habari za huko, na Mama Cherehani ameanza kukusemesha? Sisi wazima. Dirisha la bafu limepata ubao.

Ulipoandika kimea nilicheka kwa sauti. Nikasema huyu ananifanya mtoto. Mara ya kwanza maji yatokote, mara ya pili yawe vuguvugu, mara ya tatu ataniambia nikioshe kwa mafuta ya taa. Barua yako ikakaa chini ya vitana vya saluni wiki nyingi. Ile ya Mei nayo niliiweka hapohapo.

Kisha nikafikiri: mtu huyu amenidanganya mara moja. Sasa ananikataza kona moja tu. Basi kona hiyo ndiyo ya kweli, huko kuna kitu ananificha. Kwa hiyo nilifanya kimea chako sawasawa ulivyosema, nikapima kwa kiwiko, na sikuzamisha kitambaa kizima. Nilizamisha kona ya kushoto peke yake.

Nilikuwa nimeweka kiti kando ya beseni kama mlinzi. Jioni nikagusa kwa kijiko, unga ukateleza. Nikamwagia maji ya baridi. Kwanza ulitoka mguu wa kifaranga, halafu mkia wa kuku, mistari mitatu, nikasema haya, ni wewe. Halafu ikatoka ile alama ya kidole. Nikataka kulia, nikijua nitamwona Mama.

Dada, kidole gumba cha Mama kilikuwa laini. Hiki kimekatwa katikati na mstari mmoja, kutoka upande hadi upande, umepinda kidogo juu. Mstari huo naujua. Niliutia mimi kwa mlango wa choo nikiwa na miaka sita, nikakimbia, na ukawaambia nyumbani umejikata na kopo ili nisichapwe.

Nimeelewa kwa nini ulimsumbua Mama Cherehani. Nilidhani ulikuwa ukitafuta kitambaa cha Mama. Miaka minane, vitambaa sijui mia ngapi, ukathubutu kwenye kimoja tu kuweka kidole chako, nacho nikakiiba. Halafu ukakitia maji ya moto kwa kalamu yako mwenyewe. Sijawahi kusikia watu wajinga kama sisi.

Bado nina hasira na wewe. Ile robo saa ya kuchemsha sitaisahau, na usitegemee niseme sikuumia. Lakini juzi mteja mmoja aliona ile kona ikining'inia, akauliza kazi ya nani. Nilitaka kusema ya Mama, mdomo umezoea. Nikasema ya dada yangu. Akauliza kama bado yupo na kama anafanya kazi. Nikasema yupo, na ana roho mbaya, lakini anafanya.

Sikurudishii kwa posta. Sehemu yote iliyobaki bado ni ngumu kama mlango, na sitaiosha. Kimea kimeniishia, na mimi maji vuguvugu siyaamini kama sijaona kiwiko chako ndani yake. Njoo ukioshe mwenyewe. Ukija usisahau miwani ya Mama, niliitaka kweli.

Na fungua simu yako, nikuambie basi la saa ngapi.

Mdogo wako