Kiranja hapigi simu

Jumapili

Leo Kitundu hajabipu. Kila Jumapili baada ya ibada hunibipu kutoka kwake Iguguno, na mimi namrudishia bipu nikiwa hapa Mungaa, basi tunajua wote tuko hai. Kuongea hatuongei, maana anataka nipige mimi. Mimi nipige! Sekondari nilikuwa kiranja wa bweni, hata kama niliishia kidato cha pili. Huyo Kitundu nilikuwa namwamsha kwa maji ya baridi. Kiranja hapigi, anapigiwa.

Wenzetu wengine wa darasa lile tumeshawazika. Tumebaki wawili.

Nimewapeleka mbuzi kunywa maji, simu mkononi. Nimekula ugali, simu mkononi. Jua likazama, kimya. Nikaanza kuwaza mabaya. Nikapiga.

"Nani kafa?" Ndivyo alivyopokea, mshenzi yule.

"Hakuna. Nimekalia simu, ikajipiga."

"Uongo! Ulikuwa unanililia, Njiku. Mimi simu ilizima tu, umeme hatuna tangu jana, nimeichaji sasa hivi kwa jirani mwenye sola."

Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile sikukipenda, ni cha ndani sana. Nikataka kumuuliza anaumwa nini, salio likaisha. Yeye naye hajanipigia mpaka sasa. Mkaidi.

Hapa kijijini kila mtu ananiamkia, shikamoo mzee, shikamoo babu. Tangu mke wangu afariki, anayeniita Njiku amebaki Kitundu peke yake.