Milio Miwili, Kisha Mmoja

Kambi Muru, Kibera, Jumatatu, 12 Januari 2026

Mwaka wa kumi na nane tangu tuondoke shambani. Nimehesabu tena asubuhi, kama kila Januari. Hesabu haipungui.

Kazini saa mbili, chumba cha juu kule Makina. Kerubo alikuwa amefika. Ni mhandisi, umri wa binti yangu kama ningekuwa naye. Anatengeneza huduma ya simu kwa watu wasio na pesa ya kredo ya kupiga simu. Anakiri wazo si lake, ni la watu wenyewe. Hapa watu huflashi: simu inalia, unakata kabla haijapokelewa, hulipi chochote. Mlio mmoja, nimefika. Miwili, nipigie. Mitatu, kuna shida. Kila nyumba ina yake. Kazi yangu ni kuzunguka Kibera na Kawangware, kuziandika daftarini, kisha kuzisoma kwenye kinasa sauti.

Mtu akiflashi namba yetu, mtambo unahesabu milio na kumpigia, unamsomea maana ili ahakikishe. Hilo nilishauri mimi, watu wasikosee. Kisha unampigia yule aliyeandikwa kuwa wa kupigiwa na kumsomea pia. Kwa sauti yangu. Mtambo usipoelewa unasema: "Sijakuelewa. Jaribu tena." Huyo pia ni mimi.

Jumatano, 14 Januari

Kianda, humu humu Kibera. Mama Atieno, muuza samaki, alinisimamisha njiani mbele ya wateja wake. Mumewe ni fundi wa mawe, humflashi akikaribia nyumbani.

"Mwalimu, jana ulinipigia ukasema umekaribia. Nikakupakulia. Ugali umepoa, ulikuwa wapi?"

Wakacheka wote. Nilicheka pia. Baadaye niliona kwamba sikufurahi. Sauti yangu inaingia nyumba ambazo mimi sijaingia.

Jumanne, 20 Januari

Kerubo alinionyesha orodha ya milio ambayo mtambo haukuielewa.

"Mwalimu, cheki hii. Inatoka Kawangware, kila siku saa tisa mchana. Mbili, anatulia kidogo, halafu moja. Hiyo ni ya nani?"

Nikasema sijui. Nilidanganya.

Ni yetu. Yangu na Wafula, ndugu yangu mdogo. Tulipokimbia vurugu za uchaguzi alibaki na ng'ombe. Tulikubaliana: miwili, kisha mmoja, maana yake kumetulia, rudi nyumbani. Siku ya tatu, nikiwa kwenye kambi ya waliokimbia, saa tisa mchana, simu yangu ililia hivyo. Niliogopa. Sikurudi. Ililia siku nne zaidi, kisha basi. Hakuna aliyemwona Wafula tena. Kaburi pia hakuna.

Sijamwambia mtu. Daftarini sikuiandika.

Jumatano, 21 Januari

Saa tisa kamili. Nilikaa kando ya Kerubo, macho kwenye skrini. Miwili. Mmoja. Mtambo ukajibu: "Sijakuelewa. Jaribu tena."

Jua kali. Watoto wa shule walikuwa wakipiga kelele chini.

Tulimpigia. Alipokea. Jogoo aliwika mahali karibu naye, na pumzi ya mtu ikasikika, ndefu, bila haraka. Nikasema, "Wafula?" Pumzi ikasimama. Simu ikakatwa.

Ikiwa ni yeye, kwa siku zote hizi amekuwa akimsikia kaka yake akisema hamwelewi.

Ijumaa, 23 Januari

Sikulala vizuri. Nilimwambia Kerubo, si yote. Nikamwomba aiingize milio hiyo kwenye mtambo. Maana: Kumetulia. Rudi nyumbani. Wa kupigiwa: mimi.

"Na uko sawa, Mwalimu?"

Niliyasoma maneno mara moja tu. Sauti haikutetemeka. Ualimu wa miaka thelathini.

Saa tisa akaflashi. Muda mfupi baadaye simu yangu ikaita. Nilijisikia mwenyewe nikijiambia nirudi nyumbani.

Laini ni ya simu ya majaribio tuliyompa Mama Mueni, muuza mboga, Kawangware. Kesho nitakwenda.

Jumamosi, 24 Januari

Nilikwenda kwa miguu. Mama Mueni alikuwa akikatakata sukuma wiki, hakuweka kisu chini hata aliponiona.

"Simu iko, Mwalimu. Laini ndiyo nilimpa yule mzee jirani. Haongei kabisa. Nikasema, mtu haongei, atamaliza kredo ya nani?"

Hivyo ndivyo watu huishi hapa, na sisi tulisahau. Simu ni ya mmoja, laini inazunguka vyumba vyote vya ploti. Tulihesabu simu. Hatukuhesabu mikono.

Chumba cha yule mzee kilikuwa wazi. Sakafu imefagiwa. Msumari mmoja ukutani, hauna nguo.

"Ameenda jana jioni. Kabla ya hapo, saa tisa, alikuja akaniwekea simu kwa sikio. Nikasikia ni wewe, unamwambia arudi nyumbani. Akacheka, Mwalimu! Mwaka mzima sijawahi kumwona akicheka."

Nikauliza alikuwa wa kimo gani. Akaonyesha kwa mkono wenye kisu. Kimo cha Wafula. Kimo cha watu wengi.

Nikaketi juu ya gunia la viazi. Mtambo humsomea kwanza anayeflashi. Mimi ndiye niliyeshauri, na jana nikasahau. Nilitaka kuusikia ujumbe mimi mwenyewe tu. Badala yake nimemtuma mtu kule shambani, na sijui kama kumetulia. Tangu tuondoke sijakanyaga.

Jumatano, 28 Januari

Siku nne kimya. Nilianza kula tena.

Leo saa tisa simu yangu iliita. Kerubo akatazama skrini, akaniita kwa sauti ndogo. Mnara wa simu uliobeba ile flashi si wa Nairobi tena. Ni wa kule, juu ya kilima ambacho kivuli chake kilikuwa kikifika zizini kwetu jioni.

Tulimpigia papo hapo. Laini imezimwa. Tena na tena, imezimwa.

Ijumaa, 30 Januari

Nilimwomba mwalimu mwenzangu wa zamani, aliyebaki sokoni kule, aende kutazama. Alikwenda kwa pikipiki, akawa pale mbele ya nyumba yetu kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi. Amenipigia jioni. Kuta zimeanguka. Vichaka hadi kifuani. Hakuna moto, hakuna nyayo, hakuna majani yaliyolazwa na mtu anayepita.

"Hapa hakuna mtu, ndugu yangu. Hata mchungaji wa mbuzi hapiti."

Saa tisa, yeye akiwa amesimama pale, simu yangu ilikuwa imeita.

Jumapili, 8 Februari

Mvua kidogo alfajiri, kisha jua. Nilifua, nikaanika, nikasoma kidogo.

Saa tisa iliita. Naipokea kila siku sasa. Sauti ni safi, ya mwalimu asiye na wasiwasi: Kumetulia. Rudi nyumbani. Nasikiliza hadi mwisho, nakata.

Kerubo alitaka kuifuta milio hiyo kwenye mtambo. Nilimkataza. Ikifutwa, yeyote aliyeko kule ataanza tena kuambiwa na mimi kwamba simwelewi. Ninamwelewa. Nilimwelewa tangu siku ya kwanza, kambini, simu ikiwa mkononi.

Sitarudi.