Kikombe cha Mama Ndani ya Pikapu

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Fundi aliipanga upya kompyuta ya injini ya pikapu aliyotuachia baba, na sasa kilima cha kliniki inakipanda huku ikipiga mluzi. Ulinionya kwenye simu kwamba itabugia dizeli. Wiki ya kwanza ulisema kweli: zamani lita moja ilitupeleka kilomita tisa, zikashuka hadi saba, maana nilinogewa na mbio.

Ndipo mama alipoleta dawa. Tukienda kliniki anapakata kikombe cha chai kilichojaa pomoni. Nikikanyaga mafuta kwa pupa, chai inamwagika, naye ananiambia, “Hiyo ni dizeli umemwaga.” Basi mguu wangu umeshika adabu. Sasa ni kilomita kumi na moja kwa lita, na fundi mwenyewe amebaki mdomo wazi. Hakuna dereva kama mimi mtaa mzima.

Jana tulikuwa tumeegesha, injini nimeshaizima. Kikombe kikamtetemeka mikononi, chai ikamwagika. Akacheka, akasema nimekanyaga mafuta tena.

Nikamwomba radhi.

Omba likizo uje.

Dada yako,
dereva wa mama