Adhabu ya Akonaay na Adhabu ya Urban

Kijiji cha Ujamaa Mogitu,
S.L.P. Katesh,
Hanang.
16 Machi 1975

Mpendwa Shemeji Yoakimu,

Shikamoo. Habari za Tabora na za kazi ya ualimu? Kifua kimepona? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu umevunjika, na sitakuficha: mdogo wako Akonaay amefungwa miaka mitano kwa wizi wa ng'ombe.

Usidhani amekuwa mwizi. Unamkumbuka yule ng'ombe wetu mwekundu tuliyempa Tluway wa Balangdalalu amtunze na kunywa maziwa yake, kama watu wote wa huku wanavyowekeana mifugo. Tulipohamishiwa hapa kijijini kwa haraka, Akonaay aliogopa ng'ombe atapotea. Akaenda kumchukua malishoni bila kupita kwanza kwa Tluway kuaga. Tluway hakujua ni nani, akapiga yowe, polisi wakafuata nyayo mpaka zizini kwetu.

Mahakamani aliulizwa kama ni kweli alimchukua. Mume wangu, masikini, alidhani yuko mbele ya wazee wetu, ambako anayekiri mapema hutozwa pombe ya asali na mambo yanaisha. Akasema ni kweli, nimekosa, naomba radhi. Wala hakutaja kwamba ng'ombe ni wake, maana kwetu anayeomba radhi hajitetei. Hakimu akaandika kwamba amekiri kosa.

Nilimfuata hakimu nikilia. Alinieleza kwa upole kwamba wizi wa mifugo sheria imeupangia adhabu, yeye hawezi kushuka chini ya hapo. Sasa nieleweshe wewe uliyesoma. Jirani yetu Urban alimpiga mwenzake rungu kilabuni akafa, akapewa miaka miwili, kwa kuwa hakukusudia. Ameshatoka, na ndiye aliyeniezekea nyumba hapa. Si mtu mbaya, simchukii, lakini maji ya kunywa namwekea kizingitini, simpi mkononi. Filomena naye alikamatwa na pombe ya gongo, akatozwa faini, akarudi siku hiyo hiyo. Nazipanga hukumu hizi kichwani zifuate ukubwa wa makosa, zinakataa.

Tluway, ambaye hakuitwa mahakamani, alipojua ukweli alilia mbele ya wazee, akatuletea ng'ombe aliyekuwa amerudishiwa na polisi. Yuko tayari kusema kila kitu kwenye rufaa. Basi ng'ombe yuko zizini, na mwenye ng'ombe yuko gerezani. Mama yenu hayagusi maziwa ya ng'ombe huyo.

Na hayo bado si makubwa. Akonaay amekataa kukata rufaa. Nilipokwenda kumwona alisema, "Nilisema kweli mbele ya watu. Nikikana leo, ndipo nitakuwa mwizi." Amekonda, anakohoa, shati linampwaya. Muda wa rufaa unaisha mwisho wa mwezi huu.

Nakupigia magoti, mwandikie. Wewe ni kaka yake mkubwa. Mweleze kwamba kusema ng'ombe ni wake si kukana. Akikataa hata hivyo, mwamuru.

Mama anakusalimu, Hilaria na Pascal wanakuamkia. Msalimie Veronica na watoto. Mungu awaepushe na mlango wa mahakama. Mwanzoni nilimwomba watu wajue kwamba mume wangu si mwizi. Siku hizi siombi hilo tena, Shemeji. Wamwite watakavyo, ila arudi akiwa hai.

Shemeji yako akupendaye katika taabu,
Ludovika