Mguu wa Amosi Mezani pa Mfalme

Jumatatu, 3 Machi

Amosi wangu atahubiri! Jumapili ya tarehe 16, mbele ya wazee wote wa kanisa. Akifaulu, kanisa letu dogo la Kibuyuni ni lake. Mchungaji Amosi. Nimelitamka jina hilo mchana kutwa juu ya pasi. Mashuka ya hoteli yamenyooka leo hata msimamizi akauliza nimekula nini.

Nilishuka kutoka Taita na darasa la saba na sanduku moja. Leo nina mhubiri. Mguu wake wa kushoto alizaliwa nao umepinda, lakini akili yake haichechemei. Wenye wana wa miguu mizima na waseme wanahubiri wapi.

Mama Rukia jirani amepiga kigelegele uani, naye amefunga, koo limemkauka. Mdigo, Mwislamu, na amefurahi kuliko wenzangu wa kwaya. Hilo nalo nimeliona.

Alhamisi, 6 Machi

Sura atakayohubiri imejulikana. Samweli wa Pili, ya tisa. Mefiboshethi.

Nimeisoma nikidhani nimekosea ukurasa. Mfalme Daudi anauliza kama kuna aliyesalia wa nyumba ya Sauli. Analetewa mjukuu wa Sauli, kiwete wa miguu yote miwili. Anamketisha mezani pake. Basi. Hakuna vita, hakuna kombeo. Mtoto wangu anachechemea, nao wamempa kiwete!

Brayani, mpwa wa mchungaji wetu Nzioka, mwaka jana alipewa Goliathi. Naye anaitaka Kibuyuni. Sihitaji kuambiwa zaidi. Wanataka Amosi asimame pale mbele, watu watazame mguu wasisikie neno.

Nimemuuliza. "Ni sura nzuri, Mama," akaenda zake kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, Ukunda. Hakunitazama usoni. Wamemtisha?

Na yule wa Biblia aliangushwa na yaya wake. Wangu hakuangushwa na mtu.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji anaendelea na mafundisho yake ya vivuli. Wafalme wa Israeli ni kivuli, mwili wenyewe ni Kristo. Leo: Sauli anarusha mkuki, Daudi anakwepa, harudishi. Ndivyo Yesu naye alivyopigwa asirudishe.

Nimeelewa. Nimeelewa kuliko alivyotaka nielewe. Mzee mwenye kiti anamwonea kijana wivu. Na aliposema "mkuki" alitazama safu yetu.

Amosi ndiye Daudi. Mchungaji ndiye Sauli. Brayani simpi jina, hamo.

Tulipotoka nikamwambia Mama Mercy wa kwaya. Nilimwambia asimwambie mtu.

Jumanne, 11 Machi

Amewaambia. Sokoni, muuza nyanya kaniuliza, "Ati Mchungaji wenu ndiye Sauli? Mkuki anauficha wapi, mama?" Nikachukua nyanya bila kuchagua. Nusu zimeoza.

Jioni mzee wa kanisa akampigia Amosi. Mahubiri yasimame kwanza, mpaka maneno yapoe. Na Kibuyuni haiwezi kungoja sana, akasema. Yuko mwingine aliye tayari.

Nikamwambia Amosi, waona? Huo ndio mkuki wenyewe! Akaweka kijiko chini.

"Mama, sura niliichagua mimi. Mchungaji alinipa Goliathi, nikakataa."

Nimebaki na sufuria mkononi.

Kwa nini alinificha? Amesema ningemlazimisha achukue Goliathi. Kweli, ningemlazimisha. Lakini mtu hachagui kiwete bure. Ana jambo. Anataka kunisema mbele ya watu? Anaona haya kwa vile ninavyojisifu?

Hakumaliza chakula. Nimemharibia. Hilo sikuliandika haraka, nimelizunguka kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Mama Rukia alitualika kufuturu. Sikutaka kwenda. Nilijua amesikia, na kweli alinipokea mlangoni: "Karibu, shoga. Leo umemvisha nani taji?" Nikacheka kwa meno tu.

Mihogo ya nazi, kaimati, samaki. Sinia moja katikati ya mkeka. Amosi hawezi kuukunja mguu, lazima aunyooshe. Mzee Salimu, mume wa Mama Rukia, akanyoosha wake kabla Amosi hajaketi. Wanawe wakanyoosha yao. Ndivyo wanavyofanya siku zote, tangu Amosi akiwa mdogo. Mimi miaka yote nilidhani nyumba ile nzima ina magoti mabaya!

Leo nikatazama. Miguu imezunguka sinia pande zote. Wa Amosi sikuujua ni upi mpaka nilipoutafuta. Naye alikuwa akinitazama ninavyoutafuta.

Tukiwa njiani kurudi akasema, "Sura ya tisa niliielewa pale mkekani kwao, Mama. Kila mtu akisoma kisa hiki anataka kuwa Daudi. Daudi hapo ni kivuli cha Yesu. Sisi ni yule aliyeitwa aje ale."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Hata Brayani."

La Brayani sikulipenda.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa Mchungaji kabla ya zamu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Yakapotea yote.

"Karibu, Mama Amosi," akasema. "Keti. Mkuki nimeuacha ndani."

Nikalia. Kisha nikacheka. Kisha nikalia tena, na mkewe akaniletea chai. Nimemwambia yote. Hakunifariji sana. Amesema kwake yamekwisha, ila niliyoyasema kwa kwaya niyaondoe kwa kwaya. Nimeuliza kama mahubiri yapo. Akanisindikiza mlangoni.

Nina shaka naye bado. Kidogo. Ni mazoea.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesimama mbele ya sauti zote nne za kwaya. Nimesema, Mchungaji si Sauli, na mwanangu si Daudi. Ulimi ulikuwa mzito kwenye hilo la pili. Mama Mercy akainama kutafuta kitu mkobani, akatafuta mpaka nikamaliza. Kutoka safu ya nyuma mmoja akauliza, "Na Goliathi ni nani, mama?" Wakacheka. Nami nikacheka, maana ilibidi.

Magharibi mzee wa kanisa akapiga simu. Mahubiri yapo. Kama ilivyopangwa.

Amosi ameketi nyuma ya nyumba akiwahubiria kuku.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi tulivu. Nimepiga pasi shati jeupe la Amosi, mara moja tu.

Kwa karamu ya kesho nilikuwa nimeweka oda ya meza ndefu na viti vya kukodi, watu wa Taita wakifika waone mama wa mhubiri. Nimeifuta. Mama Rukia ameniazima mikeka yake mikubwa, na sinia tatu. Chakula hakitaliwa baada ya ibada. Kitangoja adhana ya magharibi, ili Mzee Salimu na nyumba yake wale nasi. Kwaya watanung'unika njaa. Wanung'unike.

Mchungaji nimemwalika. Mama Mercy nimemwalika. Brayani nimemtumia ujumbe, nikaufuta, nikautuma tena. Amejibu, "Asante mama, nitakuja."

Nimetandika mkeka mmoja chumbani kuupima. Nimeukalia peke yangu. Nimenyoosha mguu.

Waje wote. Kesho, Jumapili.