Niliandika au Nilisema Tu?

Jumatatu, 3 Machi

Wako hai wote. Wote! Acha niandike mara ya pili — wako hai wote.

Saa tatu asubuhi ndege yetu ndogo, ile ya abiria tisa, imetua kwenye uwanja wa milimani, ikavuta kulia, ikatoka njiani na kuchomeka pua kwenye nyasi. Abiria wameteremka kwa miguu yao. Mmoja kavunjika mfupa wa bega. Rubani alikuwa Mpole. Mpole wangu, niliyemfundisha mwenyewe, mtu asiyeweza hata kumrudisha mhudumu aliyemletea chai ya mwenzake. Kavunjika taya. Wameshamfunga waya, hawezi kusema neno.

Mimi leo nilikuwa mapumziko. Nilikuwa juu ya ngazi nafuta feni ya sebuleni, simu zikaanza. Ya kwanza kazini. Ya pili mtangazaji wa kipindi cha Jumanne: kapteni, kesho uje mapema, watu watataka kujua kulikoni. Nikajibu bila kufikiri — nipo! Mwaka wa tatu huu nachambua ajali za ndege redioni kama wengine wanavyochambua mpira. Kazini wameshanibandika jina: Mchambuzi. Silichukii.

Nikarudi kwenye feni. Nikafuta panga la kwanza. La pili. Ndipo nikakumbuka.

Jana ndege hiyo niliirusha mimi. Na jana hiyohiyo, naiingiza kwenye maegesho, pedeli ya breki ya kushoto ilikuwa inazama nikiikanyaga, na breki ya upande mmoja ikilegea ndege huvutwa upande wa pili.

Nikashuka ngazi. Feni imebaki na mapanga mawili safi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mtangazaji naumwa koo. Mke wangu kanisikia akacheka — wewe? Koo? Akanishika paji la uso kama mtoto.

Shida yangu ni hii. Hitilafu yoyote inaandikwa kwenye kitabu cha ndege. Ikishaandikwa, ndege hairuki mpaka fundi atengeneze na kusaini. Ndiyo sheria. Halafu kuna mazoea yetu sisi wenyewe, tunayaita "ya ngazini": unashuka, unamkuta fundi chini, unamwambia kwa mdomo tu, hebu liangalie hili. Hakuna karatasi, hakuna safari kuchelewa. Wote tunafanya. Mimi nawakemea wadogo wasifanye, na nafanya.

Sasa Jumapili — niliandika, au nilisema tu?

Sikumbuki! Nakumbuka simu ilikuwa sikioni. Nilikuwa namweleza mtangazaji rubani wa kampuni nyingine alikosea wapi. Nilikuwa nafurahia kabisa.

Chumba cha marubani leo kilichemka. Mmoja anasema tusiposema sisi watasema wasiojua kitu, na watu watawaamini. Si uongo. Huo ndio wimbo wangu wa siku zote. Kapteni mwenzetu tunayemwita Dada Mkubwa hakumjibu yule, alinigeukia mimi. Eti yule rubani niliyesema redioni kuwa alikuja na mwendo mkali, ripoti ilitoka miezi kumi na minne baadaye: upepo. Niliisoma?

Niliisoma. Sikurudi redioni kusema. Nikaenda kujimiminia maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kasimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Fundi wa zamu Jumapili alikuwa yeye, kaka wa mke wangu, wa tumbo moja. Kitabu cha ndege wachunguzi wamekichukua siku ileile ya ajali, kimefungwa, hakuna wa kukichungulia.

Alikuja saa nne asubuhi. Hawezi kukaa bure yule mtu. Kafika tu, kaenda jikoni, kalifungua bomba letu linalovuja tangu mwaka jana. Akaniuliza huku kichwa kiko chini ya sinki: shemeji, uliniandikia au ulinisemea?

Nikamwambia sikumbuki.

Spana inazunguka tu. Kisha akasema anakumbuka nilikuwa ngazini na simu sikioni, nikapiga kelele "breki ya kushoto!" Akatoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, akaipima, ikawa ngumu vizuri. Kazi anaikumbuka. Karatasi haikumbuki. Kwa siku anapiga saini arobaini. Kama mimi sikuandika, basi naye katengeneza bila maandishi, na hapo leseni yake imekwenda. Yangu pia.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Kasema hajui amwombee nani kwanza. Akaendelea kupepeta.

Bomba halivuji tena.

Alhamisi, 6 Machi

Kwenye televisheni wamemleta kapteni mstaafu. Hata ndege yetu hajawahi kuiendesha! Kachora njia ya kutua ndege ubaoni kwa kalamu nyekundu — rubani alichelewa kugusa chini, akapaniki. Akapaniki! Nikaifokea televisheni hadi mate yakanitoka. Mtu hana taya la kujibia, nyie mnachora!

Mke wangu, bila kuinua macho kwenye nguo anayoshona: sauti yake ina kiburi kama yako ya Jumanne.

Sina hamu ya kula.

Baadaye nilianza kuandika kwenye grupu la marubani kwamba breki ya kushoto ilikuwa na shida tangu Jumapili. Nimwokoe Mpole. Kisha akilini nikamwona shemeji chini ya sinki. Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta. Nimempa mke wangu simu aifiche.

Ijumaa, 7 Machi

Hospitali. Mpole kavimba uso, macho tu ndiyo yaleyale. Anaandika kwenye daftari la mistari mipana. Mama yake yuko kando ya kitanda, anamnywesha uji kwa mrija, anafuta kidevu, anafuta tena.

Mama kanishika mkono kwa mikono yote miwili. Mwanangu, si wewe unayesema redioni? Hebu msemee mwenzio. Huyu tangu utoto hajui kujitetea.

Nilitamani sakafu ifunguke.

Mpole kaandika: asubuhi ile yote imefutika kichwani. Nakumbuka kufunga kamba za viatu nyumbani, halafu naamka hapa. Kisha akageuza ukurasa, akaandika taratibu, akanielekezea: MWALIMU, WEWE ULIIRUSHA JUMAPILI. ILIKUWA SAWA?

Nikamwambia: Jumatatu naitwa na mchunguzi. Nitamwambia yeye kwanza, kila kitu, kisha nitakuja nikuambie wewe. Kanitazama. Kaandika: sawa. Chini yake kaandika: mama anapenda kipindi chako.

Jumatatu, 10 Machi

NILIANDIKA!

Niliandika, niliandika, niliandika! Mkono wangu huu huu mbaya!

Nianze mwanzo. Ofisi ya mchunguzi ni chumba kidogo, meza, viti viwili, dirisha linaloangalia tangi la maji. Yeye ni mtu mkavu, miwani kwenye kamba. Kabla hajauliza nikamwaga yote — breki, ngazi, simu sikioni, kwamba sikumbuki. Niliona bora nife kwa ukweli wangu mwenyewe. Aliandika tu, hakushtuka. Kisha akavuta droo, akatoa kitabu cha ndege ndani ya mfuko wa plastiki, akakifungua, akanigeuzia.

Ukurasa wa sitini na moja. "Pedeli ya breki ya kushoto inazama ndege ikiwa ardhini." Saini yangu imepinda kama ya mtu anayeandikia gotini, na nadhani ndivyo nilivyofanya, simu imebanwa begani. Mstari wa chini yake: hewa imetolewa, imepimwa, sawa. Saini ya shemeji. Tarehe, saa, vyote.

Nikalia. Mtu mzima, kapteni mwenye mistari minne begani, nalia mbele ya mtu wa miwani. Kanisogezea boksi la tishu. Halafu kasema, kwa sauti ileile kavu, hii ni karatasi tu, kapteni. Inasema nyie wawili mlifanya kazi yenu. Gurudumu lenyewe bado hatujalifungua. Na haya yasitoke humu.

Yasitoke, yasitoke! Nilikuwa tayari kukubali chochote.

Nje nilikaa kwenye gari nikacheka peke yangu. Nikampigia shemeji, nikamwambia neno moja tu: ipo. Akakata simu. Nikadhani kakasirika, kumbe alikuwa hawezi kusema. Nyumbani mke wangu alinikumbatia nikiwa bado mlangoni, kisha akanipiga kofi la bega — wiki nzima umenikondesha! Nimekula sahani mbili. Nimepanda ngazi nikamalizia feni. Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Hospitali nimefika jioni. Nimemwambia Mpole niliyoona, kama nilivyoahidi. Sikufikiri ni "kutoka humo", nilimwahidi. Amefurahi kwa ajili yetu, ameniandikia hongera. Kisha kalitazama lile neno kwa muda, kafunga daftari.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa studio, kwenye kochi la kusubiri. Imebaki dakika kumi. Koo limepona!

Asubuhi gazeti limeandika kwamba fundi aliyesimamishwa aliachia ndege mbovu iruke. Jina hakuna, lakini mtaani nani asiyejua? Binti wa shemeji karudi kutoka shuleni saa tano analia. Shemeji kaja na gazeti limekunjwa kwapani. Hakuomba kirefu. Sentensi moja, shemeji. Sema breki ilitengenezwa, umeona kwa macho yako. Si uongo.

Si uongo. Mke wangu kaninyooshea shati.

Nikasema sawa. Mchunguzi atanielewa, nilijiambia, sentensi moja tu. Nimeendesha huku naijaribu kwa sauti: "Breki ilitengenezwa, nimeona kwa macho yangu." Fupi, nzuri, ya kweli. Kwenye taa nyekundu nikaijaribu tena, na safari hii nikaisikia kwa masikio ya mama yake Mpole. Breki ilikuwa nzima. Haya, wa kulaumiwa amebaki nani? Ndege ya rubani mmoja.

Kazini wamenisifu. Dada Mkubwa kasema Mchambuzi umekua, wiki nzima hujafungua mdomo. Sijakua! Niliogopa. Leo siogopi kitu, nimepona, nimelala, nimeshiba, na mdomo unaniwasha kuliko siku zote za maisha yangu.

Ujumbe wa shemeji: tumeshawasha redio, watoto wote wapo.

Ujumbe wa Mpole: mama kaniwekea redio juu ya mto.

Mtangazaji katoka na hedifoni mkononi, anatabasamu. Anauliza aanze na swali gani. Nimemwambia subiri, namalizia mstari.

Mstari umeisha. Yeye bado kasimama mlangoni, na mimi bado naandika