Majina ya Kutiwa Mlangoni mwa Ukumbi

Mji wa Kale, Mombasa
14 Januari 2024

Kwa mjukuu wangu Aliza,

Asalaam alaykum. Mimi nina miaka themanini na nne. Nimewazika ndugu zangu wote watano, nimewazika wenye nyumba watatu waliotaka kunihamisha, nimemzika daktari aliyeniambia niache chumvi, na nyanya yako Razia, Mungu amrehemu, huu mwaka wa kumi na tatu. Mafundi wa kalai tulikuwa wanane hapa mjini. Wote wamekwenda, nimebaki mimi. Ukiuliza hali yangu, hiyo ndiyo hali yangu. Wewe je, baridi ya Nairobi haijakutafuna? Wala vizuri?

Barua yako nimeipata. Naijibu kwa mkono wangu mwenyewe, simtaki mtu wa kuniandikia. Skuli nilikwenda miaka mitatu, inatosha. Usizicheke herufi.

Wasema kamati ya ukumbi wa jamaa yetu italiweka mlangoni lile sufuria kubwa la shaba, lililopikiwa biriani za harusi zote, na chini yake kibao chenye jina la fundi aliyelitunza. Na wewe ndiwe uliyepewa kuandika maneno. Vyema. Wamechagua mtu mwenye akili, ametoka kwangu.

Ati wataka kujua kazi ya babu yako na kazi ya nyanya yako. Andika hivi. Allarakha, fundi wa kalai, hajapata kutokea kama yeye kutoka Lamu mpaka Vanga. Shaba tupu ikipikiwa kitu chenye ndimu au mtindi yatoa sumu ya kijani, watu waharisha harusi nzima. Ndiyo maana ndani tukapaka bati, hiyo ndiyo kalai. Nilikuwa nikiingia ndani ya sufuria miguu mitupu, nalisugua kwa mchanga, nazunguka kiuno kama mcheza ngoma. Halafu moto, halafu bati, halafu pamba ya kulisambazia. Likitoka hapo waweza kunyolea ndevu bila kioo. Harusi mia tano, na hakuna mtu aliyeumwa tumbo. Hilo la mia tano litie kwa herufi kubwa.

Nyanya yako alikuwa mama wa nyumbani. Hakuwa na kazi.

Babu yako,
Allarakha


Nairobi
30 Januari 2024

Babu yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, nakula, na baridi nimeshaizoea. Macho yako yaendeleaje? Ile dawa ya matone waitia, au imekaa kabatini kama ile ya kwanza?

Barua yako nilimsomea Bi Ruweida. Wamkumbuka, jirani yenu wa ghorofani, siku hizi akaa kwa bintiye hapa South C. Nilipofika pale kwenye "hakuwa na kazi" aliweka kikombe chini. Akasema, "Mwambie Allarakha dirisha langu lilikuwa latazama ua wake."

Kisha akanieleza. Kwamba miaka na miaka Nyanya ndiye aliyekuwa motoni kule uani, nyuma ya pazia la gunia, na bati mkononi mwake. Na wewe umekaa barazani mbele ya duka, wagonga sufuria bovu kwa nyundo, ko, ko, ko, ili wapita njia wajue fundi yuko kazini.

Babu, ni kweli? Sikuulizi kwa kukuaibisha. Kibao hicho kitakaa pale mlangoni tukiwa sote tumeshakufa. Siwezi kuandika jambo ambalo mtu aliye hai ameniambia usoni kwamba si kweli. Kamati wayataka maneno kabla Ramadhani haijaingia.

Mjukuu wako,
Aliza


Mji wa Kale
5 Februari 2024

Aliza,

Salamu. Mimi mzima kuliko wanavyotaka watu.

Huyo Ruweida tangu zamani kazi yake ni dirishani. Umuulize nyumba yake alikuwa akiifagia saa ngapi. Nyanya yako alikuwa akinisaidia. Kuvuta mivukuto, kuleta maji, kunipa pamba. Mke gani hamsaidii mumewe? Mpishi akimenyewa vitunguu, biriani huitwa ya mmenya vitunguu?

Mimi nikipita hapa mtaani naitwa Fundi. Hata hawa wa tuktuk huniita Fundi, na baba zao waliniita hivyo. Jina hilo nimelipata nina miaka kumi na tisa. Wataka nizikwe bila jina?

Kama kuandika kwakushinda, basi. Nimekwenda mwenyewe kwa Kioko, yule mchonga vibao karibu na Marikiti, nimempa maneno. ALLARAKHA, FUNDI WA KALAI, HARUSI 500. Ana kazi nyingi, lakini ataanza mwezi huu huu. Kamati nitawaambia umekubali.

Babu yako,
Fundi Allarakha


Nairobi
12 Februari 2024

Babu,

Asalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute na afya, na ikukute umeketi.

Sijakubali, na kamati nimeshawaambia sijakubali. Nimewaambia kibao kikiwekwa hivyo, mimi siku ya kufungua ukumbi siji.

Sikunyang'anyi jina lako. Nilipokuwa mdogo ulinifunza mwenyewe kwamba fundi wa kalai ni yule ajuaye saa ya kulitoa sufuria motoni, wengine wote ni wabeba kuni. Basi nijibu hilo tu, kwa mkono wako. Nani alikuwa akilitazama bati?

Sitaandika tena mpaka unijibu.

Mjukuu wako akupendaye,
Aliza


Mji wa Kale
4 Machi 2024

Mjukuu wangu Aliza,

Asalaam alaykum warahmatullah. Mimi mzima, macho ndiyo yale yale. Nimechelewa kwa kuwa karatasi nne nimezichana.

Nitakujibu, na nikishajibu usinihurumie, sitaki.

Mwaka wa themanini na moja nilipokea masufuria matatu ya harusi moja, yote niyamalize siku moja. Mafundi wenzangu wakasema haiwezekani. Nikasema mimi ni Allarakha. Sasa, pamba ya kusambazia bati sharti iwe kavu kabisa. Nilikuwa na haraka, nikaichukua iliyokuwa imewekwa juu ya mtungi. Ilikuwa na maji. Nilipoigusisha, bati likanirukia usoni. Jicho la kulia lilikwenda siku ile, la kushoto likabaki na ukungu. Watu wote, na babako pia, niliwaambia ni ugonjwa wa macho. Fundi aliyechomwa na pamba mbichi, nani atampa sufuria lake?

Masufuria mawili yalikuwa bado. Nimelala na kitambaa usoni, nikasikia miguu yasugua mchanga uani. Nikapiga kelele, "Razia, toka humo, utaharibu mali ya watu!" Akasema, "Nyamaza. Wanitia haraka, na haraka leo tumeshaiona."

Bati likiwa tayari hugeuka mara moja, kama uso wa mtu aliyesikia aitwa. Mimi singeweza kuliona tena. Yeye aliliona siku ya kwanza. Aliyatoa yote mawili safi, na watu wakala.

Tangu hapo mpaka mwaka elfu mbili na tatu kazi ilikuwa yake. Miaka ishirini na miwili. Katika zile harusi mia tano, zangu ni mia na kidogo. Nyundo ni kweli. Pazia ni kweli, nililitundika mimi, yeye hakuliomba. Siku moja tu aliniambia, "Allarakha, leo gonga polepole, kichwa chaniuma." Nikagonga polepole. Sikuacha. Hapo ndipo nilipokuwa nikifika nachana karatasi.

Jana nilikwenda kwa Kioko. Alikuwa ameshachonga herufi tatu. Nikamwambia asimame. Akasema, "Mzee, shaba haifutiki." Nikamwambia, "Igeuze, upande wa pili ni safi." Alicheka, akaigeuza. Nilikaa pale mpaka akamaliza, hata kula sikwenda, namtajia herufi moja moja. Kimeandikwa RAZIA, FUNDI WA KALAI. Chini yake, NA MUMEWE ALLARAKHA, FUNDI WA KALAI. Kioko aliniuliza, "Wewe nisikuandike msaidizi?" Mia na kidogo ni zangu, hilo sitoi. Hata kwako sitoi.

Kibao nikakipeleka kwa kamati kwa mkono wangu. Wakatazamana. Mmoja wao, kijana mwenye miaka sitini, akasema, "Mzee, mwanamke ashike kazi ya moto miaka yote hiyo, na mjini asijue mtu?" Nikamwambia kijana, waliokuwa wakila ndio hawakujua. Aliyekuwa akipika alijua.

Kwa hivyo uje siku ya kufungua, na asiyeamini umpeleke Kisauni kwa mzee Katana, aliyepika hizo harusi. Yuko hai na akili zake anazo. Masufuria alikuwa akiyaleta mlango wa mbele, ananiamkia, ananisifu mbele ya watu. Kisha huzunguka mlango wa nyuma, akapiga hodi, akamwambia fundi lini anayataka.

Babu yako,
Allarakha